Maseremala Wanaofuatwa na Maseremala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karakana yetu iko Nsambya, Kampala, mtaa ambao watu huujia wakitafuta kitanda, kabati au meza ya chakula. Juu ya meza ya kazi nimebandika picha za maseremala. Wateja huuliza habari zao, vijana wanaojifunza huuliza, hata madereva wa boda wanaosubiri mzigo huuliza. Nimeandika majibu kwa Kiswahili kwa sababu humu ndani tuna Mganda, Msoga, Mnubi wa Bombo, Mluya wa Busia na kijana mmoja wa Arua, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha.

Hao walio kwenye picha ni ndugu zako?

Si ndugu wa damu. Ni watu walionibadilishia namna ya kuushika ubao, na sikupata kukutana na hata mmoja. Kuna Sam Maloof, James Krenov, George Nakashima, Hans Wegner, Wharton Esherick na Wendy Maruyama. Kuna pia picha ya kiti cha enzi cha Lamu ambacho aliyekitengeneza hakuacha jina. Hiyo nimeiweka katikati kwa makusudi.

Fundi anawavutiaje mafundi wengine? Kwani si kila mtu ana kazi yake?

Fundi mzuri wako wengi. Hapa Nsambya pekee naweza kukutajia ishirini. Anayefuatwa na wenzake ni yule aliyetatua shida ambayo sisi wengine tulikwisha kuizoea.

Chukua Michael Thonet, aliyekuwa na kiwanda katika himaya ya Austria. Mwaka 1859 alitoa kiti namba 14. Mti wa Ulaya uitwao bichi ulilainishwa kwa mvuke, ukapindwa, ukakauka ukiwa umepinda. Samaki mkunje angali mbichi, na ubao nao vivyo hivyo. Kiti kizima kilikuwa vipande sita vya mti na skrubu chache. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa nchi za mbali na kufungwa huko huko. Kabla yake, aliyeuza viti alikuwa anasafirisha hewa iliyo kati ya miguu ya viti. Leo ukimwona fundi wa Bwaise anafunga kitanda kwa bolti ili kifunguliwe na kupakiwa kwenye boda, anafikiri kama Thonet, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia.

Ndiyo kwanza naanza. Nimfuate nani?

Huwa namtaja Sam Maloof, kwa sababu alianza akiwa na hali kama ya vijana wetu. Alizaliwa mwaka 1916 mjini Chino, California, kwa wazazi waliotoka Lebanon. Hakusomea useremala. Alipooa mwaka 1948 hakuwa na pesa ya kununulia samani za nyumba yake, akazitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi na mbao za makreti zilizotupwa. Watu walioziona wakataka za kwao, na kazi yake ikaanzia hapo.

Kinachomtambulisha zaidi ni kiti cha kubembea. Miguu yake ya chini ni mirefu, imepinda kwa nyuma kama mkia, na mahali mkono wa kiti unapokutana na mguu huwezi kusema kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Aliuchonga ubao kwa msumeno wa mkanda, akiusukuma kwa mikono bila kizuizi. Hilo sikushauri ulijaribu, na yeye mwenyewe aliwaonya watu wasimwige. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya MacArthur, fundi wa kwanza wa kazi za mikono kuipata. Viti vyake walikuwa navyo marais Jimmy Carter na Ronald Reagan. Pamoja na hayo yote, aliendelea kujiita fundi wa mbao tu.

Kijana akiniambia hana mbao nzuri, namweleza habari za yale makreti. Paleti zinazotupwa karibu na maghala ya Industrial Area si mbao za kudharauliwa. Zing'oe misumari yote, zipige randa, uone ndani yake kuna nini.

Na kama tatizo langu si mbao bali subira?

Basi mtu wako ni James Krenov. Alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Uelen, ncha ya mashariki kabisa ya Siberia, akakulia Alaska na Seattle, akahamia Sweden baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alisoma Stockholm kwa mbunifu wa samani Carl Malmsten akiwa mtu mzima mwenye familia. Mwaka 1981 akaanzisha mafunzo ya samani huko Fort Bragg, California, na waliopita mikononi mwake wameenea duniani.

Krenov alitengeneza makabati madogo yenye miguu mirefu myembamba, ya kuwekea vitu unavyovipenda. Kabla ya kukata ubao aliutazama kwa siku nyingi. Alifuata nyuzi zake kama mtu anayesoma barua: mlango wa kabati upate nyuzi zinazopanda kwa utulivu, mguu upate nyuzi zilizonyooka. Randa zake alizitengeneza mwenyewe kwa mti, na hata macho yake yalipofifia uzeeni aliendelea kuzitengeneza kwa kupapasa.

Tuna randa tatu za mti humu karakanani tulizochonga kwa mtindo wake, moja ya mti wa mugavu. Zinapita juu ya ubao kwa sauti nyepesi tofauti kabisa na ile ya chuma. Mteja mmoja mama aliwahi kukaa nusu saa akisikiliza tu.

Maloof na Krenov walifariki mwaka mmoja, 2009, wote California. Mmoja alichonga kwa kasi na ukarimu, mwingine kwa ukimya. Hulazimiki kuchagua. Mimi asubuhi huwa Krenov, na mteja akipiga simu kuuliza kazi yake imefika wapi, nakuwa Maloof.

Meza za gogo zenye ukingo wa mti kama ulivyo zilianza na nani? Kila hoteli inazitaka.

Aliyezipa heshima ni George Nakashima, na hadithi yake nitaisimulia kwa urefu kwa sababu ndiye fundi anayeigwa vibaya kuliko wote.

Alizaliwa Spokane, Marekani, mwaka 1905, kwa wazazi wa Kijapani. Alisomea usanifu wa majengo, akafanya kazi Tokyo chini ya msanifu Antonin Raymond, kisha akaenda Pondicherry, India, kusimamia ujenzi wa bweni la ashramu, yaani makao ya wafuasi, ya mwalimu wa kiroho Sri Aurobindo. Alirudi Marekani, vita vikaanza, na mwaka 1942 serikali ikamfungia kambini Minidoka, Idaho, pamoja na mkewe na binti yao mchanga, kwa kosa la kuwa na asili ya Japani. Humo kambini alikuwamo seremala wa Kijapani, Gentaro Hikogawa, aliyefunzwa kwa njia ya zamani. Nakashima, mwenye shahada mbili za usanifu, akawa mwanafunzi wake. Walitumia mabaki ya mbao na miti ya jangwani waliyoiokota. Raymond alimsaidia kutoka mwaka 1943, akaenda kuishi New Hope, Pennsylvania, akajenga karakana ambayo binti yake Mira aliiendeleza baada yake.

Kwa hiyo unapouona ule ubao mpana, ukingo wake ukiyumba kama mti ulivyoyumba, na ufa umefungwa kwa kipande chenye umbo la kipepeo, unaona kazi ya mtu aliyefundishwa nyuma ya seng'enge asitupe kitu. Alipopata gogo kubwa la mwalnati aliota kulitengenezea meza za amani, kila bara liwe na yake. Ya kwanza iliwekwa katika kanisa kuu la Mtakatifu John, New York, mwaka 1986.

Sasa nieleze kosa langu. Miaka michache iliyopita hoteli moja iliagiza meza ya watu kumi na wawili. Nilipata ubao wa mvule, mpana, mzuri ajabu. Muuzaji alisema umekauka, nami nilitaka kuamini. Nikaupiga randa, nikautia vipepeo viwili kwa urembo mahali pasipo na ufa, nikaufunga kwenye fremu ya chuma kwa skrubu kumi na nne zilizokaza kila upande. Miezi mitano baadaye nikaitwa. Ubao ulikuwa umepasuka toka kichwani hadi karibu na katikati, na sauti ya kupasuka ilikuwa imewashtua wageni mezani. Niliibeba meza, nikarudisha pesa, na kwa muda mrefu sikupita barabara ile.

Nilichokosa ni elimu iliyo nyuma ya umbo. Mbao hupungua upana inapokauka, lakini urefu wake haupungui hata kidogo cha kuonekana. Upana hupungua zaidi kufuata mzunguko wa pete za mti, takriban mara mbili ya unavyopungua kutoka kiini kwenda ganda. Ukiubana ubao pande zote, hauna pa kwenda ila kupasuka. Nakashima aliuacha ubao upumue. Skrubu zinazoushika ziwe kwenye matundu marefu, ubao uweze kusogea. Vipepeo navyo ni bandeji ya jeraha lililopo, na nyuzi zao hukata nyuzi za ubao ili ufa usiendelee. Mimi niliviweka kama hereni.

Siku hizi mbao za unene wa inchi mbili nazilaza chini ya paa, na vijiti vya unene mmoja katikati, kwa miaka miwili. Kanuni ya wazee ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Vichwa vya mbao navipaka rangi ili maji yasitoke upande huo haraka kuliko kwingine.

Mbona wengi uliowataja ni wa Marekani na Ulaya? Afrika haina?

Inao. Hatukuandika majina.

Kiti cha enzi cha pwani, kile cha Lamu, Pate na Unguja, ni mfano ninaourudia sana. Mgongo umenyooka, mbao nyeusi, vipande vya mfupa au pembe vimepachikwa kwa ustadi, na sehemu za kukalia na kuegemea zimesukwa kwa kamba. Kilikuwa kiti cha mgeni wa heshima. Pembe za ndovu zilizofika pwani zilitoka bara, na Buganda ilikuwa moja ya nchi zilizofanya biashara hiyo tangu wafanyabiashara wa pwani walipofika kwa mfalme wake, Kabaka Suuna II, miaka ya 1840. Kwa hiyo kile kiti kinatuhusu hata sisi tulio mbali na bahari, na ndani yake kuna huzuni pia.

Upande wa uchongaji yupo Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, ambaye anatajwa kuwa ndiye aliyerudi na ufundi wa kuchonga alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alirudi, akawafundisha jirani zake, nao wakafundisha wengine, mpaka vinyago vya Wakamba vikajaa maduka ya watalii Afrika Mashariki yote. Sijui mfano bora kuliko huo wa mtu mmoja kuigwa na nchi nzima.

Kati ya walio hai, namfuatilia Jomo Tariku, mtu wa asili ya Ethiopia anayefanya kazi Marekani. Viti vyake vinatokana na vigoda, vitana vya nywele na pembe za wanyama wa kwetu, na bado ni viti vya leo.

Na kama ni suala la ngozi nyeusi, msome Thomas Day. Alikuwa Mweusi huru katika mji wa Milton, North Carolina, wakati wenzake walikuwa watumwa. Kufikia mwaka 1850 karakana yake ilikuwa kati ya kubwa kabisa katika jimbo lile. Alipotaka kuoa mwanamke wa Virginia, sheria ilimzuia mke asiingie jimboni, na mwaka 1830 Wazungu wa mji huo ndio waliopeleka ombi bungeni aruhusiwe, kwa kuwa hawakutaka kumpoteza. Day mwenyewe alimiliki watumwa. Simfichi kijana yeyote jambo hilo. Ngazi na nguzo alizochonga zinapinda kwa namna ambayo hujui uzitazame wapi, na aliyezichonga aliishi maisha yenye kivuli kizito.

Uganda yenyewe je?

Anza na jina la uwanja wetu wa ndege. Entebbe linatokana na neno la Kiganda entebe, yaani kiti, na masimulizi yanamtaja Mugula, mkubwa wa ukoo wa Mamba, na viti vyake vya mawe pale ziwani. Kiti cha Kabaka kinaitwa Namulondo. Cha Omukama, mfalme wa Bunyoro, ni Nyamyaro. Nchi yenye viti vinavyotajwa kwa majina kama watu haihitaji kuambiwa na mtu kwamba samani ni jambo kubwa.

Nenda Karamoja ukakione kigoda ambacho mwanamume hutembea nacho. Mchana anakikalia, usiku anakilaza kichwa ili mapambo ya nywele yasiharibike. Kimechongwa kwa kipande kimoja cha mti, hakina kiungo, gundi wala msumari, na kinabebwa kwa mkono mmoja. Nimewapa wanafunzi kazi ya kukipima na kukichora mara nyingi. Wanaanza kwa kusema ni rahisi, na wanamaliza wakiwa kimya.

Useremala wa patasi, randa na bawaba tunaoufanya leo ulikuja kwa njia kadhaa. Alexander Mackay, fundi mitambo wa Scotland aliyekuja na wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society), alifika Buganda mwaka 1878. Kazi ya mikono yake ilimpa jina pale ikulu kabla ya mahubiri yake. Mwaka 1882 mama yake Kabaka Muteesa alipofariki, Mackay ndiye aliyeombwa kutengeneza jeneza, na lilikuwa kubwa ajabu. Vijana waliomzunguka walijifunza kutumia zana zake. Baadaye akaja K. E. Borup, aliyesimamia mafunzo ya ufundi ya misheni hiyo Mengo, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya biashara ya Uganda Company mwaka 1903.

Njia nyingine ilikuja na reli. Kati ya mafundi waliotoka Punjab walikuwamo Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambao useremala na uhunzi ndiyo kazi yao ya asili. Wakajenga Kampala, Jinja na Mbale. Mzee aliyenifundisha mimi alikuwa kijana wa kufagia katika karakana ya Kalasinga mmoja, na alijifunza kwa kutazama, maana hakuna aliyekaa chini kumfundisha. Mwaka 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, yule bwana alimwachia sanduku la patasi. Mzee alizinoa mpaka zikawa fupi kama kidole. Mbili ziko nami.

Na mtu anayeitafuta roho ya mti katika Uganda asimkose Francis Nnaggenda, mchongaji aliyefundisha Makerere. Sanamu yake ya majeruhi wa vita, iliyo maktaba kuu ya chuo hicho, imechongwa katika mti mkubwa katika miaka ya 1980, wakati majeraha yenyewe yalikuwa mabichi. Si samani. Lakini seremala atakayesimama mbele yake ataona jinsi mchongaji alivyoliacha gogo liseme habari yake lenyewe, na akirudi kwenye kazi yake hatashika patasi kama jana.

Kunakili muundo wa fundi mwingine ni wizi?

Kunakili ili ujifunze, hapana. Kunakili ukauza kwa jina la mwenyewe, au ukasema ni wako, ndiyo. Katikati pana eneo pana, na anayelielewa vizuri ni Hans Wegner wa Denmark, aliyeishi kuanzia 1914 hadi 2007 na kubuni viti zaidi ya 500.

Wegner alivutiwa na viti vya China vya enzi ya Ming. Mwaka 1944 akatoa kiti kinachofanana navyo waziwazi. Hakukifanya siri, jina lenyewe lilikuwa Kiti cha China. Akaendelea kukipunguza, kukisafisha, mpaka mwaka 1949 kikawa kile chenye mgongo wa umbo la Y ambacho leo kila mtu anakijua, na mwaka huo huo akatoa kile cha mgongo wa duara. Hicho cha duara mwanzoni kiungo cha mgongo kilifichwa kwa kuzungushiwa henzirani. Baadaye akakiacha wazi, vipande vikishikana kwa meno kama vidole, kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko kile kilichokifunika. John F. Kennedy na Richard Nixon walivikalia kwenye mdahalo wa televisheni mwaka 1960.

Toka China hadi Denmark, umbo lilihama kwa heshima na likabadilika njiani. Nawaambia wanafunzi wangu: ukikipenda kiti cha mtu, kitengeneze mara tatu. Cha kwanza kiwe chake kabisa. Cha pili badilisha kile ambacho mbao zako au mteja wako hakikubali. Cha tatu usitazame picha.

Mteja analeta picha ya simu anataka hivyo hivyo. Nifanyeje?

Muulize anapenda nini kwenye hiyo picha. Mara nyingi ni jambo moja tu: miguu myembamba, rangi, au kwamba kitambaa kinaonekana laini. Mpe hilo, na mengine yajenge kwa namna itakayodumu nyumbani kwake. Sofa ya picha imejaa povu la bei kubwa na imekaa chumba cha mtu mmoja. Ya kwake itarukiwa na watoto watano. Mweleze hivyo bila kumdharau.

Mbao zipi za Uganda zinafaa kwa kazi za aina hii?

Mvule ni mfalme. Mchwa hauupendi, hautikisiki sana ukishakauka, na rangi yake inakolea kuwa ya dhahabu iliyoiva. Lakini ndani yake mna mawe, kweli kabisa mawe ya chokaa yanayojitengeneza kwenye mti, na yakikutana na msumeno unapoteza meno. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Vaa barakoa. Nimewazika mafundi waliokohoa miaka mingi wakisema ni baridi tu.

Mkusu na jamii nyingine za mahogani zinatoka misitu kama Budongo. Uliza karatasi za muuzaji. Mbao isiyo na asili inayojulikana imeibwa mahali, na anayeinunua ana sehemu yake. Musizi ni mwepesi, unakua haraka, unapokea patasi vizuri, na watu wanaudharau bila sababu. Mti wa fenesi una njano inayopendeza ajabu kwenye vitu vidogo. Kalitunsi, yaani mkaratusi, hujipinda usipoikausha kwa uangalifu, ila ukiipasua vizuri na kuisubiri inatoa miguu ya kiti imara. Payini ni ya kujifunzia, na kwa rafu za vitabu haina neno.

Mbao nyingi tunazinunua Ndeeba. Nenda asubuhi, nenda na randa ndogo, uchune kidogo uone nyuzi kabla ya kulipa.

Sina mashine, na umeme hukatika. Naweza kweli kufanya kazi nzuri?

Wharton Esherick alikuwa mchoraji wa picha Pennsylvania kabla hajawa seremala. Mwaka 1938, ukumbi wa michezo ya kuigiza uliokuwa jirani ulihitaji viti. Alikuwa amepata mipini mingi ya nyundo kwa bei rahisi, akaitumia kama miguu na migongo, na viti hivyo sasa vinatembelewa kama kazi za makumbusho. Pale Owino na Katwe mipini ya jembe imejaa.

Zana za kuanzia ni chache: msumeno wenye meno makali, patasi tatu, randa moja, nyundo ya mti, pembe mraba iliyo kweli pembe mraba, na jiwe la kunolea. Muingereza Paul Sellers amewafundisha watu wengi kwa video namna ya kufanya karibu kila kiungo kwa zana za mkono. Tazama ulimi unaoingia kwenye tundu anavyoukata, kisha zima simu ukate wako kumi. Wa kumi ndio wa kuonyesha watu.

Kuna wanawake kwenye picha hizo?

Yupo Wendy Maruyama, Mmarekani mwenye asili ya Japani, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini mwake kupata shahada ya uzamili katika utengenezaji wa samani. Ni mtu asiyesikia vizuri tangu utotoni, na amefundisha kwa miaka mingi San Diego. Alitengeneza kazi ya lebo za karatasi 120,000, moja kwa kila mtu aliyefungiwa kambini kama Nakashima, zikaning'inizwa kwa mafungu makubwa kama miili. Kisha akageukia ndovu wanaouawa Afrika. Useremala unaweza kuomboleza, na yeye ndiye aliyenionyesha.

Humu karakanani kuna wasichana wawili. Mmoja ananoa patasi kuliko mimi. Wateja bado humpita wakimtafuta fundi, naye anawajibu bila kuinua kichwa: "Sema, mzee, fundi anakusikiliza."

Nikitaka kuona kazi nzuri Kampala, niende wapi?

Uganda Museum, pale Kitante. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 na jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1954. Tazama vigoda, ngoma na mitumbwi kwa jicho la seremala. Kisha Makerere, kwenye shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Halafu tembea Nsambya polepole, upande wa barabara wenye vumbi, ukague viungo badala ya vanishi. Geuza kiti juu chini. Fundi mwenye kazi safi hatakukataza.

Mnapokea wanafunzi?

Wawili kwa mwaka, bila ada, na chakula cha mchana kipo. Mwezi wa kwanza ni kunoa na kufagia. Wa pili ni kukata mistari iliyonyooka. Wa tatu unatengeneza kigoda chako cha kwanza kwa musizi, na hicho hatukiuzi, unakwenda nacho nyumbani. Cheti tunakufuatilia kwenye mitihani ya serikali ya ufundi ukiwa tayari. Njoo Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, ukiwa na penseli na viatu vilivyofungwa mbele.